Alama za Bastola ya Babu

Mama yangu alipopata khabari kwamba jina lake limetoka katika kura ya hija, hakuanza kwa kushona nguo wala kununua sanduku. Alinipigia simu kazini, akijua fika kwamba sipendi kupigiwa simu nikiwa kazini, akaniambia, "Mwanangu, ile bastola itoke nyumbani kwangu kabla sijaondoka."

Nikamuuliza itoke iende wapi.

"Irudi kwa wenyewe."

Nilicheka, na sikupaswa kucheka. Wenyewe aliowakusudia mama ni polisi wa Unguja ya zamani, polisi wa serikali iliyoanguka yeye akiwa bado mtoto wa kubebwa. Nikamwambia, mama, serikali ile haina tena mlango wa kubisha hodi, unataka niipeleke posta? Akasema kwamba maskhara nimeyarithi kwa ukoo wa baba yangu, akakata simu. Mama akishautaja ukoo wa baba yangu, ujue amekasirika kweli.

Sina budi kuieleza bastola yenyewe. Babu yangu, baba yake mama, alikuwa afisa mdogo wa polisi Unguja. Mwaka wa mapinduzi alitoka kisiwani na mkewe na mtoto wao mmoja, ndiye mama, wakapanda meli wakaja kuishi Dubai. Huko ndiko alikozaliwa mjomba wangu, mwaka uleule waliofika. Nchi ya mababu huku ilipofungua milango kwa watu wetu, wakahamia Maskati kama walivyohamia wengi wetu, na hapo ndipo bastola inapoingia katika maisha ya ukoo. Ilikuwa bastola ya Kiingereza ya zama hizo, yenye gurudumu la risasi linalozunguka na kipete chini ya mpini cha kupitishia kamba. Babu aliivaa kiunoni sikukuu ya Idi na katika harusi, imevishwa pete za fedha mtutuni na bati la fedha kwenye mpini, kazi ya sonara wa Matrah.

Hadithi yake kila mtu kwetu anaijua. Kwamba babu alitoka Unguja na bastola yake ya kazi, ameifutika ndani ya bunda la matandiko, na watu wote waliokuwa wakivuliwa silaha zao njiani, yeye hakuvuliwa. Kwa watu wetu, mwanamume kuvuliwa silaha ni jambo lisilosemwa mbele za watu. Kwa hiyo hadithi hii ilisimuliwa sana, khasa harusini, kila msimuliaji akiongeza chumvi yake. Mimi nilikuwa mdogo babu alipofariki, lakini namkumbuka vizuri akiwa amekaa barazani wengine wakisimulia. Yeye alikunywa kahawa yake kimya. Ikifika pale penye bunda la matandiko, alikitikisa kikombe kumwonesha mwenye birika kwamba ametosheka, akaondoka kwenda kutia udhu, hata kama adhana ingali mbali.

Baada ya kufa kwake bastola ilikaa kwa mama, kwa sababu mama ndiye mkubwa. Ikatolewa pini yake ya kupigia risasi, ikaandikiwa karatasi zote zinazotakiwa, ikawekwa katika kabati la kioo sebuleni kwake, Bawshar. Mjomba anakaa Sib, na kila Ijumaa anakuja kula kwa dada yake. Akiingia tu, kabla hajamwamkia mtu, husimama mbele ya kabati lile, mikono nyuma. Ukimpita humsikii akipumua. Ndipo aje kuuliza kilichopikwa.

Mama naye, kadiri umri ulivyosogea, aliacha kuiona bastola kwa jicho la sifa. Aliiona dhima. "Baba amelala kaburini na kitu cha serikali shingoni," alikuwa akiniambia. Na sasa anakwenda hija, na mtu haendi hija huku anamiliki kitu cha mwenzake. Anazunguka kwa jamaa na majirani anaomba radhi, anarudisha amana za watu hata kama ni sufuria. Alikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wa mtaani. Sheikh akamwambia, jambo la kwanza, hakikisha ni ya nani. Mama akarudi nyumbani akanitazama mimi.

Alinitazama kwa sababu ya kazi yangu. Nimo katika chumba cha nyuma cha makumbusho, chumba ambacho wageni hawakioni, ninakotibu vyuma: majambia, bunduki, makufuli, mapanga ya sherehe, vyote vinavyoliwa na kutu ya pwani. Watu hudhani kazi yetu ni kung'arisha. Nikilisikia neno hilo damu inanichemka. Anayeng'arisha anafuta, na mimi nalipwa ili kisifutwe kitu. Chuma unakisoma kwanza, tena kwa muda mrefu, taa umeiweka ubavuni ili kila mkwaruzo utupe kivuli chake. Ukishamaliza kukisoma, ndipo uguse.

Silaha za polisi nazipenda kuliko zote, na sisemi haya kwa kupenda bastola, maana sijawahi kupiga hata moja wala sitaki. Nazipenda kwa alama zake. Polisi wa Waingereza, popote walipokuwa, hawakuitoa bastola stoo mpaka fundi wa silaha aigonge herufi za idara na nambari ya mahali pake ukutani. Ikihamishwa kwenda idara nyingine, fundi wa huko huzikata herufi za mwanzo kwa mstari mmoja wa patasi, halafu anagonga zake chini yake. Hafuti. Anakata tu, na za chini ya mstari zinasomeka vilevile. Na siku serikali inapoichoka, inapouzwa kwa raia katika mnada wa vitu vya ziada, inagongwa alama ya mwisho: mishale miwili midogo iliyoelekezana, ncha kwa ncha. Maana yake imetoka, haidaiwi na mtu. Nimeshaziona alama hizo mara nyingi na bado nikiziona natulia. Kipande cha chuma ninachoweza kukifunika kwa kiganja kinanambia kilizaliwa wapi, kikatumikia wapi na kikaachishwa kazi wapi, na hakuna mtu aliye hai anayeyajua mambo hayo. Mimi napenda kusema sana, lakini mbele ya vitu hivi huwa sina la kusema.

Basi Ijumaa ile nikamwambia mama, nipe niisome. Mjomba akaweka kijiko chini.

"Isomwe nini? Inajulikana ilikotoka."

"Inajulikana kwa maneno, mjomba. Mama anataka kujua kwa alama."

"Alama ziko wapi? Sijaona alama mimi, na mimi naitazama kila wiki."

Hapo alisema kweli, na ndilo lililonishughulisha. Pete za fedha mtutuni ni za kawaida. Mabunduki yetu yote huku yamevishwa hivyo. Lakini lile bati la mpini halikuwa la kawaida. Lilizunguka nyuma ya mpini, pale khasa kiganja kinapokaa, na ukingo wake uliuma mkono. Hakuna sonara anayepamba mahali pa kushikia, labda aambiwe. Na nyuma ya mpini ndipo mafundi wa polisi walipopenda kugonga alama zao. Nikamwambia mjomba kwamba nataka kulifungua bati lile.

Alisimama. Mjomba wangu ni mtu wa serikali aliyestaafu, mpole, hata madereva wa Maskati hawamtoi maneno mabaya, lakini siku ile alipandisha sauti mbele ya chakula. "Wewe na dada yangu mliiona Unguja, yeye kwa macho yake na wewe kwa pasipoti yako. Mimi sikuiona. Unguja yangu mimi nnayo mle kabatini. Na sasa unataka kuichubua?"

Nilimjibu vibaya, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikamwambia kama hadithi ni ya kweli, bati likifunguka itazidi kuwa ya kweli, anaogopa nini? Mama akatukatiza. Hakupandisha sauti. Alisema yeye ndiye anayekwenda kusimama Arafa, si sisi, na wali unapoa.

Jioni alinifungia bastola katika kanga, akaishika kidogo kabla ya kunipa. "Ilikuwa ikiniumiza hii," akasema. Nikamuuliza vipi. Akanisimulia kwamba baba yake akirudi kazini alimbeba ubavu wa kushoto, mkono wa kulia ubaki huru kwa kusalimia watu, na ubavu huohuo ndiko alikoning'iniza mfuko wa ngozi wa bastola. Ngozi ngumu ile ilimchubua paja. Akilalamika, baba yake alimwambia avumilie kidogo, karibu wanafika. "Mpaka leo nikiona polisi na bastola kiunoni, paja linaniuma," akasema, akacheka.

Nikamuuliza na siku ya kuondoka ilikuwaje, ingawa nilishaisikia. Mama huisimulia kwa maneno yaleyale, kama watoto wanavyosoma sura waliyoihifadhi. Walikuja vijana mlangoni, mapanga mikononi, mmoja wao baba alikuwa anamjua. Baba akatoka nje kuzungumza nao. Akarudi ndani, akambeba yeye, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Vijana wakawapisha. "Mungu aliwatia huruma," mama alimalizia, kama anavyomalizia siku zote.

Bati nililifungua kazini, asubuhi, chumba kikiwa kitupu. Sonara alikuwa amelizungusha na kuliunga kwa ncha mbili chini, karibu na kile kipete cha kamba, na kazi yake ilikuwa nzuri sana, nikamwomba radhi kwa kuikata. Niliupitisha msumeno mwembamba kwenye kiungo, fedha ikaachia. Chini yake chuma kilikuwa cheusi, kimefunikwa na utandu wa mafuta ya miaka yote hiyo, hakikuguswa na kutu hata kidogo. Nikausafisha utandu kwa pamba. Nikaweka taa ubavuni.

Zilikuwepo. Subhanallah, zilikuwepo zote, safi, mtu angedhani fundi ameondoka kwenda kunywa chai. Mstari wa juu ulikuwa na herufi, zimekatwa kwa patasi. Chini yake herufi nyingine na nambari, hazikukatwa. Na chini kabisa, karibu na kipete, mishale miwili midogo ncha kwa ncha. Niliketi. Nikavua glovu. Bati lile halikuwa pambo. Lilikuwa pazia, na babu ndiye aliyelitundika, na sisi sote tumekuwa tukilisifu kwa uzuri wake.

Herufi za Unguja nazijua. Nimewahi kushika bastola mbili za huko. Herufi zile hazikuwemo, si juu wala chini, si zilizokatwa wala zilizoachwa.

Nilichukua karatasi nyembamba, nikaiweka juu ya alama, nikapitisha penseli taratibu mpaka zikajitokeza nyeupe katika kijivu. Hiyo ndiyo njia yetu. Haiudhi chuma na haisahau kitu. Nikapiga picha pia, nikamtumia mwenzangu wa makumbusho ya nchi nyingine, mtu tunayesaidiana kusoma alama, kila mmoja akimwonea mwenzake fakhari. Jibu lake lilikuja kabla sijala mchana. Herufi za juu, zilizokatwa, ni za polisi wa jimbo moja la Bara Hindi. Za chini ni za polisi wa bandari moja ya kusini ya Arabuni, waliochukua bastola kutoka Hindi walipopungukiwa. Mishale sikuhitaji kuambiwa. Bastola ilikuwa imetoka Uingereza, ikalinda mji wa watu Hindi, ikavuka ikalinda bandari, ikauzwa kwa mnada Waingereza walipokuwa wakifunga virago. Unguja haikufika hata siku moja.

Nilibaki nayo mbele yangu nikifikiri mikono iliyoishika. Mhindi fulani aliyeivaa katika mvua zao. Mwarabu fulani aliyelinda forodha joto la kuua. Hawakujuana, hawakumjua babu, na babu hakuwajua, na wote majasho yao yamo katika chuma kimoja ambacho sisi tulikipanga kabatini tukakitungia hadithi nyingine kabisa. Niliona udogo wetu. Sikuwa na huzuni wakati ule, nilikuwa na mshangao mtupu, na nilikaa nao hivyo mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuniuliza kama nimesusa chakula.

Huzuni ilikuja baadaye, garini. Kama hii si bastola ya kazi ya babu, basi ilipatikana wapi, na ya kazi ilikwenda wapi?

La kwanza nililitafuta Matrah. Sokoni ndani, ukishapita wauza ubani na mashungi, kuna maduka ya vitu vya kale ambayo nayajua kwa sababu ya kazi, na wenye maduka wananijua kwa sababu sinunui. Niliingia katika lile lenye bastola nyingi zaidi. Mwenye duka ni msemaji mzuri. Kwake hakuna silaha isiyokuwa ya jemadari. Nikamwonesha ya kwanza ukutani, akasema ya jemadari. Nikamwonesha ya pili. Ya ndugu yake jemadari, akasema, bila kupepesa macho.

Ya tatu ilikuwa sandukuni chini ya kioo, haikupambwa, mdomo wake umezibwa, na ilikuwa ya umbo lile. Niliomba kuishika. Niliigeuza nyuma ya mpini nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Herufi za juu zimekatwa, herufi za chini zilezile, mishale ileile. Nikatoa karatasi yangu ya penseli mkobani nikaziweka sambamba. Nambari za bastola mbili zile zilikuwa zinafuatana.

Sijui nieleze vipi jambo hili kwa mtu ambaye si kazi yake. Nambari zile ni za mahali pa kutundikia ukutani. Maana yake bastola hizi mbili zilitundikwa jirani katika chumba kimoja cha polisi, ng'ambo ya jangwa, zikigusana labda kila zikirudishwa jioni. Na sasa moja imo mkononi mwangu Matrah na nyingine imo mezani kwangu upande wa pili wa mji, na hazikuwahi kuwa mbali zaidi ya hapo. Nilibaki nimeishika. Mwenye duka akadhani nimeipenda, akanitajia bei.

Nilimuuliza ilikopatikana, nikamwambia jemadari amweke pembeni kwanza. Akacheka, akasema hii kweli haina mwenyewe wa maana. Baba yake alinunua sanduku zima mnadani katika bandari ile, yeye akiwa mtoto, akalileta hapa akaziuza moja moja. Hii ndiyo iliyobaki.

"Nani alizinunua?" nikamuuliza.

"Wengi walikuwa jamaa zenu," akasema, maana alishasikia lahaja yangu. "Wale waliotoka Afrika. Walikuja mikono mitupu, na sikukuu hapa kila mtu amevaa silaha yake. Baba akisema wakija dukani walikuwa hawapatani bei sana. Walitaka tu wasionekane wanavyonunua."

Nilitoka pale nikapotea njia, mimi ambaye soko la Matrah nalijua kwa miguu. Nilikuwa namwona babu. Si yule wa harusini, mwingine, aliyeingia dukani akitazama nyuma, akaifunga bastola ya watu katika kitambaa, akaipeleka moja kwa moja kwa sonara, akamwonesha kwa kidole: hapa, funika hapa. Mtu aliyekuwa hodari wa kusoma alama za silaha kwa kazi yake, alijua khasa mahali ambapo ukweli umegongwa. Nilimhurumia, na nilikuwa bado namstaajabia. Miaka yote ile hakusema uongo hata mmoja. Alitikisa kikombe tu.

Ijumaa iliyofuata nilingoja vyombo viondoke. Nikaiweka bastola mezani, na lile bati la fedha pembeni yake, na karatasi ya penseli juu ya kanga. Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa, polepole, kidole juu ya alama, kuanzia Hindi mpaka kwenye mishale. Nikawaambia habari ya duka na ya nambari zinazofuatana. Nikamalizia kwa mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza. "Si ya polisi wa Unguja, mama. Babu aliinunua Matrah, kwa pesa yake, kwa halali. Haina mwenyewe wa kurudishiwa. Wenyewe ni nyinyi."

Mama alishika mikono yake miwili kifuani. Akasema alhamdulillahi, akairudia, halafu akalia. "Nimemdhania baba yangu," akasema. "Maisha yangu yote nimemdhania kachukua cha watu. Nnakwenda kumuombea Arafa na kujiombea mwenyewe kwa kumdhania."

Mjomba hakuwa akimtazama mama. Alikuwa ameliokota lile bati la fedha, analikunja na kulikunjua. "Na yake?" akauliza. "Ya kazi iko wapi?"

Nikasema sijui, chuma hiki hakisemi.

"Kwa hiyo baba alitoka mikono mitupu." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Walimvua. Walimvua kama walivyowavua wengine, akaja huku akanunua ya sokoni akajivika, na mimi nimewasomesha watoto wangu upuuzi huu. Umefurahi sasa?"

Alikuwa akiniambia mimi. Nilitamani nirudishe bati lile mahali pake na kuunga kile kiungo. Nilikuwa nimemfungulia mama dhima yake, na mjomba wangu nimemnyang'anya Unguja yote aliyokuwa nayo.

Nilipomtazama mama niliona anajisugua paja juu ya kanga, taratibu, hajui kama anajisugua.

"Siku ile haikuniumiza," akasema.

Mjomba akamuuliza nini.

"Siku ya kuondoka. Alinibeba ubavu wake uleule, na haikuniumiza. Njia yote. Nilimgusa bega nikamwambia, baba, leo hainiumi. Akanambia nyamaza, mwanangu." Niliona anaisikia hadithi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, mahali palipokuwa na maneno aliyoyahifadhi pakawa na mtu. "Mimi siku zote nasema Mungu aliwatia huruma wale vijana. Baba alitoka nje nayo. Niliiona kiunoni alipotoka, na aliporudi akanibeba haikuwepo. Hawakumvua, ndugu yangu. Aliwapa. Aliwapa ndipo wakatupisha."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani. Nilikuwa nimekisoma chuma kile kwa taa na kwa penseli na kwa watu wa nchi mbili, nikajiona fundi, na neno lililobaki lilikuwa limeandikwa kwenye paja la mama yangu tangu hajajua kusoma. Niliinamisha kichwa.

Mjomba aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mama je? Alikuwa wapi?"

"Nyuma yetu. Baba kamshika mkono."

"Anakimbia?"

"Atakimbia vipi," mama akasema. "Alikuwa akitembea polepole sana, na baba akisimama kila mara kumngoja. Alikuwa na wewe tumboni."

Mjomba aliliweka bati la fedha mezani. Alikaa akiitazama mikono yake, mikono mikubwa ya mzee wa miaka sitini na kitu, kama vile amepewa sasa hivi. Mama akasogea akakaa karibu naye, akamwekea mkono mgongoni, wakabaki hivyo mpaka kahawa ikapoa.

Bati halikurudishwa. Bastola imo kabatini, mgongo wake mweusi umeelekezwa kwenye kioo, alama zote zinaonekana. Mama alikwenda hija na amerudi salama. Na mjomba bado anakuja kila Ijumaa kutoka Sib. Akiingia hupita mbele ya kabati bila kusimama, akaenda moja kwa moja jikoni aliko dada yake.